SI YA MILANO, NI YA KINAMPANDA! STAA, UNAWEZA KUPAKA RANGI CHUMA LAKINI HUWEZI KUKIPA BABU MWINGINE

Wiki kadhaa zilizopita mitandao ya Bongo ilichafuka kwa sababu ya baiskeli. Sio gari, sio mjengo, sio pete ya uchumba. Baiskeli! Staa mmoja wa kiume mwenye jina kubwa na wafuasi wa kujaza uwanja (jina linahifadhiwa, wenye macho wameshamjua) aliposti video akiwa Masaki, jua la jioni linampiga usoni, kaptula ya bei mbaya, miwani juu ya kichwa. Pembeni yake imeegeshwa baiskeli ya resi, rangi ya bahari, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume.

Chini akaandika kwamba hicho ni chuma cha Milano cha mwaka 1972, kimetengenezwa kwa mkono na mzee wa Kitaliano, na duniani zimebaki za kuhesabu. Bei hakuitaja, ila chawa wake wakamsaidia kwenye kamenti: milioni tatu na nusu. Kwa baiskeli isiyo na hata keria.

Watu wakapagawa. Wengine wakaanza kuulizia zinapouzwa. Jamaa mmoja mwenye duka la vitu vya kale mjini, ndo aliyemuuzia, akapata oda za kutosha siku hiyohiyo. Kila mtu akawa mtaalamu wa vyuma vya Italia.

Shida ni moja tu. Ile baiskeli haijawahi kuiona Italia hata kwa bahati mbaya. Imetoka Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Na aliyeipanda kwa zaidi ya miaka thelathini ni mwalimu mstaafu ambaye yupo hai, ana akili zake timamu, na karatasi zake anazo.

KISHIKIZO CHA PAMPU KILICHOMUUMBUA

Kwenye ile video kuna sehemu staa anainama, anapitisha kidole chini ya bomba la juu la fremu, anagusa kipande kidogo cha chuma kilichochomoza. Anasema kwa sauti ya mtu aliyesoma mambo: hii ndo alama ya mkono wa fundi wa Milano, ukiona hii ujue umeshika kitu orijino.

Huko Sinza, kwenye saluni moja, kuna binti alikuwa anasuka mteja huku simu imeegemea kioo. Alipoona kile kipande akaacha kusuka. Akarudisha video nyuma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mteja akamuuliza, "Vipi dada, umemwona ex wako?"

Hakumwona ex. Aliona kishikizo cha pampu cha babu yake.

Kile kipande ni bolti. Bolti ya kawaida kabisa, imekatwa nusu, kichwa chake kikapigwa tupa pande mbili, kisha kikabandikwa kwenye fremu kwa shaba. Kazi hiyo ilifanywa na fundi wa Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Sababu yake ni kwamba pampu ya mzee ilikuwa inadondoka njiani kila akipita kwenye mawe. Binti alikulia kwenye hiyo nyumba. Alishalia mara kadhaa kwa kugonga goti kwenye hiyo bolti akipandishwa mbele na babu yake kupelekwa kliniki.

Ndo hiyo "alama ya mkono wa fundi wa Milano". Fundi wa Misigiri, nondo yake ya shaba na moto wake wa mkaa, leo kapewa uraia wa Italia bila hata kuombewa viza.

Binti akapiga simu nyumbani.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba mjukuu wangu. Huko mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri babu. Babu, ile baiskeli yako ipo?"

Mzee akakaa kimya kidogo. "Ilishauzwa. Nilipokwenda Singida mjini kwa ajili ya macho, nikarudi nikakuta ukuta tu."

Kumbe kijana mmoja wa ukoo aliiuza. Alipita mnunuzi na pikipiki, wale wanaozunguka vijijini kutafuta vyuma chakavu, vyerehani vibovu na redio za zamani. Akaikuta baiskeli imeegemea ukuta wa jiko, matairi yamepasuka, kuku wanalala juu ya keria. Akatoa elfu thelathini. Kijana akapokea.

"Babu, nimeiona huku Dar. Wanasema imetoka Italia."

"Italia?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hapana, hapo wamekosa. Nottingham. Waambie wasahihishe."

CHUMA KINAONGEA, STIKA INADANGANYA

Hapa ndo pa kutulia kidogo, maana chawa wakishaguswa wanakimbilia kusema, "Mnajuaje? Mlikuwepo?" Hakuna haja ya kuwepo. Fremu ya chuma ina njia zake za kueleza ilikozaliwa, na hakuna hata njia moja inayoanzia kwenye stika. Stika inachapishwa popote. Ukitaka jina la kampuni yoyote ya Ulaya unachapishiwa asubuhi na mchana umeshabandika.

Fundi mmoja wa Ilala ndiye aliyepelekewa hiyo baiskeli kwa sababu pedeli zilikuwa zinacheza. Akafungua pale chini mabomba yanapokutana, ambapo ekseli ya pedeli inapita. Pande zote mbili kuna vikombe vya chuma vinavyoshika gololi. Kwenye baiskeli yenye thredi ya Kitaliano, vikombe vyote viwili vina thredi ya kulia, unavifungua kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kwenye thredi ya Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni kina thredi ya kushoto, kwa hiyo kukifungua unazungusha kufuata mshale wa saa.

Fundi akajaribu kinyume cha saa kama alivyoambiwa ni "Mwitaliano". Kikagoma. Akazungusha kufuata saa, kikatoka laini kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya alizeti.

Hiyo peke yake haithibitishi kwamba baiskeli ni ya Uingereza, maana Wajapani nao wanatumia mtindo huohuo, na hata Waitaliano waliwahi kutengeneza fremu za kuuza nje zenye vipimo vya wenzao. Kwa hiyo fundi akapima. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza kina thredi 24 ndani ya inchi moja. Hii ilikuwa na 26. Mafundi wa zamani wanaijua hiyo: ni tabia ya Raleigh ya Nottingham, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kipimo chao wenyewe, na ilionekana pia kwenye majina mengine yaliyotoka kwenye viwanda vyao.

Tuseme bado mtu anabisha. Twende kwenye nguzo ya kiti. Fremu nyepesi za daraja la juu, kama za bomba la Reynolds 531 la Uingereza lililoanza kuuzwa 1935, au bomba la Columbus la Milano, mara nyingi zinabeba nguzo ya kiti ya milimita 27.2. Sababu ni kwamba ukuta wa bomba ni mwembamba, kwa hiyo tundu linakuwa pana. Nguzo ya hii baiskeli ni milimita 25.4, yani inchi moja kamili. Maana yake bomba ni nene. Ni chuma cha kazi, cha mtu anayepanda kila siku na kubeba mzigo. Hakuna aibu kwenye hilo. Ila huwezi kukiuza kwa bei ya fremu ya mashindano.

Bado? Angalia mbele, kwenye bomba fupi linaloshika usukani. Chini ya hiyo rangi ya bahari kuna matundu mawili, moja juu na lingine chini yake, yamezibwa kwa puti. Jua likipiga kwa pembeni unayaona. Hapo palikuwa na nembo ya bati iliyogongwa kwa ribiti. Mzee anasema ilikuwa nembo ya kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu na shingo ndefu. Kila aliyekulia kijijini enzi hizo anamjua huyo ndege. Ni korongo wa Raleigh.

Na mwisho kabisa, namba. Fremu nyingi za Raleigh za Nottingham za miaka hiyo namba yake imegongwa juu, pale nguzo ya kiti inapobanwa kwa bolti. Wengi wengine hugonga chini, kwenye pedeli. Hii ilikuwa juu.

Ilikuwa. Lipo jambo hapo.

TUPA ILIPOPITA

Kwenye video ya kwanza kuna sekunde mbili tatu ambapo staa anapandisha kiti na kamera inapita karibu. Ukisimamisha hapo namba inasomeka. Binti wa saluni akaisimamisha, akaipiga picha, akamtumia mdogo wake kijijini. Mdogo wake akafungua bati la biskuti la babu.

Ndani ya hilo bati kuna barua ya mauziano. Iliandikwa miaka ya sabini na mwalimu kutoka Uingereza aliyekuwa anafundisha Kinampanda, akiwa anajiandaa kurudi kwao. Aliyeuziwa ni mwalimu mwenzake, huyu babu, ambaye alilipa kwa mafungu matatu kutoka kwenye mshahara wake. Kwenye barua kuna jina la baiskeli, rangi, na namba ya fremu. Nyuma yake kuna stakabadhi za ushuru wa baiskeli alizolipa miaka iliyofuata, nazo zina namba ileile. Wazee hawakuwa wanacheza. Enzi hizo ukikamatwa na baiskeli bila risiti ulikuwa unalala ndani, kwa hiyo karatasi ilitunzwa kama cheti cha ubatizo.

Namba ya kwenye video na namba ya kwenye karatasi zinafanana tarakimu kwa tarakimu.

Binti hakuweka mambo hadharani. Alimwandikia staa inboksi kistaarabu kabisa: habari kaka, samahani kwa usumbufu, baiskeli uliyoposti ilikuwa ya babu yangu, hatuidai, ila sio ya Italia, na tungefurahi ukijua stori yake. Akaambatanisha picha ya barua.

Jibu lilikuja siku ya pili, na ni maneno manne: "Dada, tafuta kiki kwingine." Kisha akablokiwa.

Baada ya siku chache staa akaposti picha mpya. Baiskeli ileile, pozi lingine. Pale juu penye namba panang'aa, pamesuguliwa kwa tupa na kupakwa rangi upya. Video ya kwanza ikafutwa. Kasahau kwamba watu walishaihifadhi!

Sasa hapa ndipo hasira ya watu inapopata haki yake. Kabla ya hapo staa alikuwa amepigwa tu kama mtu mwingine yeyote. Muuza duka alimwambia Milano, naye akaamini, na kuamini uongo wa dalali sio dhambi. Nani hajawahi kupigwa mjini? Lakini mtu aliyeletewa ukweli bure, pamoja na karatasi, kisha akachukua tupa, huyo hajapigwa tena. Huyo ameamua.

NOTTINGHAM NA KINAMPANDA ZINA AIBU GANI?

Swali ambalo staa na muuzaji wake wanapaswa kujibu ni hili: kwani ukweli ungewapunguzia nini?

Raleigh sio jina la uchochoroni. Ilianza kwenye kakarakana kadogo kwenye mtaa unaoitwa Raleigh, mjini Nottingham. Mwaka 1887 Frank Bowden akaingiza pesa yake, na baadaye ikawa moja ya kampuni kubwa kabisa za baiskeli duniani. Ikaimeza Humber mwaka 1932, Rudge 1943, BSA upande wa baiskeli 1957. Ukimsikia mzee wa Singida, Tabora au Ujiji anataja Humber au Rudge kwa heshima, ujue anataja ndugu wa nyumba hiyo. Na sa hivi hizo fremu hazizaliwi tena: kiwanda cha Nottingham kiliacha kutengeneza fremu mwaka 1999 na kikafungwa 2002. Chuma kilichobaki ndo hicho kilichobaki.

Lakini hata kama ingekuwa Phoenix ya Shanghai, Hero au Avon za Ludhiana kule India, au Swala yetu iliyotengenezwa hapahapa nchini enzi za Mwalimu Nyerere, bado ingekuwa na asili yake. Swala nani anaiposti leo? Hakuna. Wajukuu wanaona haya. Wanaona chuma hakina thamani mpaka kiwe na jina ambalo hawawezi kulitamka vizuri.

Halafu kuna nusu ya pili ya asili ambayo haipo Ulaya kabisa. Baiskeli inazaliwa kiwandani siku moja, ila inaishi kwingine miaka mingi. Hii ilifika Kinampanda na usukani wa resi. Mwalimu akaugeuza juu chini ili mgongo usimuume, akaifungia keria ya nondo. Ikapeleka madaftari, ikapeleka mtihani, ikapeleka wagonjwa Kiomboi usiku, mtu mbele na tochi mdomoni. Ikabeba debe za alizeti. Ikabeba bibi harusi mmoja na sanduku lake. Ikatobolewa, ikabandikwa bolti kwa shaba. Fremu inayozungumziwa Masaki sio fremu iliyotoka Nottingham tu. Ni fremu iliyotoka Nottingham na kumalizikia kutengenezwa Misigiri.

Ukiifuta Kinampanda unabaki na nini? Mabomba manne matano ya chuma kinene yasiyostahili hata laki tatu. Kitu pekee cha kipekee kwenye hiyo baiskeli, ambacho hakuna mwingine duniani anacho, ni ile bolti. Na ndicho kitu staa alichokisifia kwa kinywa chake! Jicho lake lilikuwa sahihi. Roho ndo ilikataa kukubali kwamba kitu kizuri kinaweza kutoka kwa fundi wa njia panda anayekaa chini ya mti.

HOJA ZA CHAWA, MOJA BAADA YA NYINGINE

Ya kwanza: "Mali ikishauzwa imeuzwa." Sawa. Hata mzee anasema hivyohivyo: chuma kimeuzwa, kimeuzwa, na kijana aliyeuza ni damu yake, wamemalizana nyumbani. Hakuna anayedai baiskeli irudi. Lakini ukinunua shamba la mtu hununui na jina la ukoo wake ukalitupa shimoni. Kilichouzwa kwa elfu thelathini ni chuma. Uongo wa Milano haukuwa kwenye hayo mauziano.

Ya pili: "Kijijini ilikuwa inaoza, huku imepata maisha mapya." Kweli, na aliyeirudishia matairi anastahili pongezi. Ila kufufua na kubadilisha jina ni vitu viwili. Mgonjwa akipona hospitali harudi nyumbani na wazazi wengine.

Ya tatu: "Ni baiskeli tu jamani, mna wivu." Hii ndo hoja ya mtu aliyeishiwa. Kama ni baiskeli tu, tupa ilikuwa ya nini? Mtu hasugui namba ya kitu ambacho hakina maana. Na hapa staa ajue jambo lingine: fremu iliyofutwa namba inafanana na fremu ya wizi. Siku ikiibiwa, atakwenda kituoni kuripoti kitu gani? Baiskeli ya bahari isiyo na namba? Na siku akisimamishwa aulizwe uthibitisho, ataonyesha kamenti za chawa?

Ya nne, na hii ndo nzito kidogo: "Watu wa mjini hawanunui stori ya Singida, wananunua Italia. Biashara ni biashara." Muuza duka mmoja kasema hivi mbele za watu. Lakini nani aliyewafundisha watu wa mjini hivyo kama sio yeye? Robo tatu ya hao watu wa mjini wana babu Iramba, Kondoa, Kasulu, Masasi. Wakioneshwa baiskeli na picha ya mzee aliyeipanda, na barua ya mwaka huo yenye mwandiko wa wino, hawatanunua? Wengine wangenunua wakilia. Hajawahi hata kujaribu. Ameshika dhahabu, kaipaka rangi ya shaba ya kigeni, halafu anasema soko ndo linataka.

KABLA CHUMA HAKIJAONDOKA NYUMBANI

Kuna kitu cha kufanya hapa zaidi ya kutoa povu. Wanunuzi wa pikipiki bado wanazunguka. Leo wako Iramba, kesho wako Mkalama, keshokutwa kijiji cha bibi yako. Kama nyumbani kuna baiskeli ya zamani imeegemea ukuta, usisubiri uione Masaki.

Piga picha namba. Angalia juu kwenye kibano cha kiti, chini kwenye pedeli, na nyuma gurudumu linapofungwa. Ikiwa imejaa kutu na masizi, safisha kwa mafuta ya taa na kitambaa, usiguse tupa wala msasa. Piga picha nembo ya mbele, na kama imeng'oka, piga picha matundu yake. Kama gurudumu la nyuma lina gia za ndani za Sturmey-Archer, soma maandishi juu ya habu: mara nyingi pamegongwa mwaka na mwezi lilipotengenezwa. Tarehe hiyo ni ya habu, sio ya fremu, maana gurudumu huwa linabadilishwa, lakini inakupa pa kuanzia.

Kisha fanya kazi ngumu kuliko zote: kaa na mzee, zima data nusu saa, muulize aliipata wapi, kwa nani, kwa shilingi ngapi, ilimpeleka wapi. Muulize risiti iko kwenye bati gani. Andika. Hakuna fundi wa Ilala wala mtaalamu wa Milano anayeweza kulisoma hilo kwenye thredi.

Na ukiamua kuuza, uza. Njaa haina stori. Ila mpe mnunuzi jina la kijiji na umwambie aliandike.

MZEE ANATAKA NINI?

Watu wamemuuliza binti kama babu yake anataka fidia. Hataki. Amesema mara moja tu anachotaka, na amekisema kama mwalimu anayerudisha daftari. Kwamba kijana wa kwenye video ni kijana mzuri, anapendeza kwenye ile baiskeli, na usukani kaurudisha ulivyokuwa mwanzo, jambo ambalo yeye mgongo wake haukumruhusu. Ila jibu lake la swali la kwanza sio sahihi, na mwanafunzi akikosa haongezi kosa kwa kufuta swali.

Kwa hiyo staa, kazi yako ni ndogo. Bandua hiyo stika. Namba umeshaiharibu, lakini barua ipo, na fundi yeyote mzuri anaweza kukuchongea kibati chenye namba hiyo ukakifunga chini ya kiti. Andika chini ya picha yako: Raleigh, Nottingham, Kinampanda. Mfungulie yule dada bloku. Kisha piga simu, useme shikamoo Mwalimu, maana yupo na simu anapokea mwenyewe.

Na wewe muuza duka, ukibaki na zingine stoo, zigeuze uone namba kabla hujaita fundi wa rangi. Huenda kuna mjukuu wa mtu anasuka nywele mahali, simu imeegemea kioo.

Je, staa aombe radhi au chuma kikishauzwa yamekwisha? Na nyumbani kwenu mzee alikuwa anapanda baiskeli gani? Toa maoni yako hapo chini, matusi hapana.